Andika jina la mpiga ngoma: namna ya kufuatilia bendi ndogo

Nina madaftari saba. La kwanza lina jalada la bluu lililochanika pembeni, na ukurasa wake wa mwanzo una mistari minne tu: tarehe, jina la ukumbi, jina la bendi, na maneno "dada wa ngoma, mkono wa kushoto". Usiku ule tulikuwa watu 11 ukumbini, ukimhesabu na mhudumu wa kaunta. Bendi yao ilikuwa ya kwanza kupanda kati ya tatu. Mimi nilikuwa nimeifuata ile ya mwisho, nikawahi kwa sababu nilidhani saa iliyoandikwa kwenye bango ndiyo saa yake. Dada yule alikuwa amepanga ngoma zake kinyume, kama wanavyofanya wanaotumia mkono wa kushoto, na alikuwa na tabia ya kuchelewesha pigo la pili hadi unahisi wimbo unataka kudondoka, halafu anaudaka. Bendi ile ilidumu miezi 14. Yeye nimemfuata katika bendi nne tangu hapo.

Ndiyo maana mtu akiniuliza aanzie wapi kufuatilia bendi zinazojitegemea, yaani zile zisizo na kampuni kubwa nyuma yake, zinazolipia studio kwa mifuko ya wenyewe na kubeba vyombo vyake zenyewe, namwambia anunue daftari kwanza. Kisha aandike majina ya watu. Nani kapiga besi, nani kacharaza solo, nani alikuwa kwenye kinanda, fundi mitambo wa sauti alikuwa nani. Bendi ndogo huvunjika haraka: mmoja kaoa, mwingine kapata kazi ya mbali, wawili hawasemeshani. Lakini mikono ile haiachi kupiga. Inahamia kwingine, na ukiwa na majina unaweza kuifuata.

Wapenzi wa muziki wa dansi wanalijua hili bila kufundishwa. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa walipojitoa Simba Wanyika ya akina Kinyonga na kuunda Les Wanyika, shabiki aliyeshikilia jina la zamani alibaki na nusu ya muziki alioupenda. Aliyekuwa akilisikiliza gitaa la rithimu la Omar Shabani alijua pa kwenda. Baadaye mwimbaji Issa Juma naye akatoka Les Wanyika, akaanzisha Super Wanyika, na safari ikaendelea. Mti mmoja, matawi matatu, na kila tawi lina ladha yake.

Mfano mwingine niupendao ni wa Manchester, Uingereza. Vijana wawili, Howard Devoto na Pete Shelley, walitaka kuwaona Sex Pistols, bendi ya London, wakawaandalia shoo wenyewe katika ukumbi mdogo wa Lesser Free Trade Hall, Juni 4, 1976. Waliofika walikuwa wachache wa kuhesabika. Miongoni mwao walikuwepo Peter Hook na Bernard Sumner, ambao waliondoka pale wakiwa wameshaamua kuunda bendi. Ikaja kuitwa Joy Division, na baada ya kifo cha mwimbaji wao Ian Curtis, Mei 1980, waliobaki wakaendelea kwa jina la New Order. Devoto na Shelley nao, kwa jina la Buzzcocks, walitoa sahani ya nyimbo nne Januari 1977 kwa fedha za kukopa, bila kampuni. Devoto akaondoka mapema tu na kuanzisha Magazine. Angalia ni bendi ngapi zinafumana katika chumba kimoja usiku mmoja. Na walioandaa usiku ule walikuwa mashabiki.

Chagua ukumbi kabla ya kuchagua bendi

Wengi huanza kwa kusikiliza nyimbo mtandaoni, kisha wanasubiri bendi waliyoipenda ije karibu. Njia hiyo inafanya kazi kwa bendi kubwa. Kwa bendi ndogo inachosha, kwa sababu nusu yao hawajarekodi kitu cha maana, na waliorekodi mara nyingi wanasikika vizuri zaidi jukwaani kuliko kwenye rekodi waliyoifanya kwa haraka.

Mimi nashauri hivi: tafuta ukumbi mmoja mdogo unaopigisha bendi zenye nyimbo zake zenyewe, si bendi za kukopi tu, kisha nenda kila wiki kwa miezi mitatu bila kujali nani anapiga. Utaona usiku mbovu. Mimi niliona mingi. Lakini nyuma ya kila ukumbi mzuri kuna mtu mmoja anayechagua nani apande, na baada ya miezi mitatu utakuwa umeijua ladha ya mtu huyo kama unavyomjua rafiki. Ladha yake ikikufaa, amekupunguzia kazi ya miaka. Isipokufaa, hamia ukumbi mwingine na uanze upya.

Ukumbi wa CBGB wa New York ulifunguliwa mwaka 1973, na herufi za jina lake zilisimamia kantri, blugrasi na bluzi. Muziki huo haukuwa ndio uliokuja kuupa jina. Mwenye ukumbi, Hilly Kristal, alizitaka bendi zipige nyimbo zake zenyewe, na sharti hilo moja lilivuta vijana waliokuwa hawana pa kupanda: Television, Ramones, Patti Smith, Talking Heads. Kwa hiyo unapochunguza ukumbi, jua sharti la mwenye nyumba kabla ya kuuliza wanapiga muziki wa aina gani. Je, bendi ngeni zinapewa nafasi? Zinapewa muda wa kutosha, au nyimbo tatu na kushushwa? Fundi mitambo ni wa kudumu au anabadilika kila wiki? Ukumbi wenye fundi wa kudumu anayejua kona zake ni hazina.

Soma bango kuanzia chini. Jina kubwa la juu tayari una habari zake. Majina madogo ya chini ndiyo ya kuandika daftarini, na baada ya muda utaanza kuona jina lilelile likijirudia chini ya bendi tofauti. Jina likionekana mara tatu ndani ya miezi miwili, nenda ukawasikilize: wanamuziki wenzao ndio wanaowaalika, na wanamuziki hawapendi kumwalika mtu wa kuwaharibia usiku.

Mitandao ina kazi yake, nami siidharau. Songkick na Bandsintown zitakuarifu bendi uliyoichagua ikitangaza shoo. Ila bendi ndogo kabisa hazimo humo. Zinatangaza kwenye kurasa zao siku tatu kabla, au kwa kipeperushi kilichobandikwa kwenye mlango wa choo cha ukumbi. Kwa hiyo soma na milango ya vyoo.

Wahi

Hapa naomba unisikilize zaidi ya kote. Wahi. Bendi ya kwanza ndiyo inayokuhitaji. Watu 20 waliosimama mbele ya bendi ya kwanza wanabadilisha namna inavyopiga. Nimeona vijana waliopanda wakiwa wameinamisha vichwa wakanyanyuka katikati ya wimbo wa pili kwa sababu tu kuna watu sita walisogea kutoka kaunta na kusimama karibu. Ukiwa wa kwanza kusogea, wengine watakufuata. Sogea.

Kwenye bango kuna saa ya milango kufunguliwa na saa ya bendi kupanda, na mara nyingi imeandikwa moja tu. Piga simu au waulize wenye ukumbi siku hiyohiyo. Niliwahi kuchelewa nusu saa nikidhani milango ndiyo kwanza inafunguliwa, nikawakuta watu watatu wanashusha vyombo huku waliobaki ukumbini wakiwa bado wanapiga makofi. Sikuwahi kuwaona tena. Walivunjika baada ya shoo mbili, na hawakuacha rekodi yoyote. Daftarini jina lao lipo, mbele yake pako wazi.

Kuhusu pa kusimama: kwa wimbo wa kwanza na wa pili simama mbele, uwaone mikono. Halafu rudi nyuma, ukae karibu na meza ya fundi mitambo. Fundi anasawazisha sauti kwa masikio yake, akiwa pale alipo, kwa hiyo pale ndipo utasikia kile alichokusudia usikie. Epuka kuegemea ukuta wa nyuma na hasa pembe za chumba, maana besi hujikusanya huko na kufunika kila kitu. Ukisikia maneno ya mwimbaji vizuri kuliko wenzako, umesimama pazuri.

Na simu. Piga picha mbili, rekodi kipande cha wimbo mmoja ukipenda, kisha iweke mfukoni. Kama unataka kurekodi shoo nzima, waombe wenye bendi kabla hawajapanda. Kuomba hivyo kuna historia ndefu na ya heshima. Grateful Dead, bendi ya Marekani, baada ya kuona mashabiki wenye vinasa sauti wamejaa mbele ya meza ya fundi, waliwatengea sehemu yao rasmi nyuma ya meza hiyo Oktoba 1984. Tangu mwaka 2002 Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, imekuwa ikihifadhi rekodi za maonyesho ya bendi zilizokubali, kwa sharti kwamba hakuna anayeziuza. Fugazi, bendi ya Washington iliyojulikana kwa viingilio vidogo na kwa kupenda kupiga mahali ambapo watu wa umri wowote wanaruhusiwa kuingia, walirekodi zaidi ya shoo zao 800 kati ya 1987 na 2002, na kuanzia 2011 wakazifungua kwa watu mtandaoni. Ukirekodi kwa ruhusa, wape bendi nakala yako kabla ya kumpa mtu mwingine. Mara mbili rekodi yangu ndiyo ushahidi pekee uliobaki kwamba wimbo fulani uliwahi kupigwa.

Masikio

Nilikaa siku mbili sikio la kulia likilia kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa, baada ya kusimama mbele ya spika kwa saa moja na nusu. Siku ya tatu likatulia. Kuna watu halitulii.

Hesabu yake ni rahisi. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, huchukulia desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kuwa kikomo kwa saa nane. Kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda unagawanyika kwa mbili: 88 ni saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja, 97 nusu saa, 100 dakika 15. Shoo ya kawaida katika chumba kidogo hufika huko juu bila shida, kwa sababu ngoma pekee, hata bila spika, zina kelele ya kutosha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kwa kumbi za burudani: wastani usizidi desibeli 100, vizibo vya masikio vipatikane, na pawe na mahali pa utulivu pa kupumzishia masikio.

Nunua vizibo vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki, vyenye kichujio ndani. Vile vya sponji vinakata zaidi sauti za juu, hivyo unabaki na mngurumo na kupoteza maneno. Ni bora kuliko kukaa bila kitu, lakini ukishavaa vya kichujio utashangaa kwamba unasikia gitaa la rithimu vizuri zaidi kuliko ulipokuwa wazi. Vyangu vinakaa kwenye kikasha kilichofungwa pamoja na funguo za nyumba, ili nisivisahau. Na toka nje dakika kumi kati ya bendi na bendi. Hapo nje ndipo utakapokutana na mpiga besi wa bendi ya pili.

Fedha zinafikaje

Shabiki wa bendi ndogo anapaswa kujua fedha yake inapitia wapi. Jibu hubadilika kati ya ukumbi na ukumbi, kwa hiyo uliza. Swali zuri la kumuuliza mwanamuziki ni hili: "Nikitaka kuwasaidia, ninunue nini na ninunulie wapi?" Nimeliuliza mara nyingi na hakuna aliyelichukia.

Nunua tiketi mapema kama zinauzwa mapema. Promota wa shoo ndogo huangalia mauzo ya siku za mwanzo anapoamua kama aendelee au aahirishe, na bendi inayosafiri inahitaji kujua kama safari itarudisha gharama ya mafuta. Usiombe kuingizwa bure, hata kama umeshazoeana nao. Ukishazoeana nao ndiyo hasa wakati wa kulipa.

Fulana na sahani za muziki zinazouzwa kwenye meza ya bendi ndizo mara nyingi zinazowafikisha shoo inayofuata. Zipo kumbi zinazokata asilimia ya mauzo ya mezani, nyingine hazikati. Mtandaoni, Bandcamp, duka la muziki lililoanza mwaka 2008, huchukua asilimia 15 ya muziki wa kupakua na 10 ya bidhaa, na tangu Machi 2020 imekuwa na Ijumaa maalumu ambazo inasamehe sehemu yake. Mimi nina orodha nyuma ya daftari ya vitu ninavyotaka kununua, nasubiri Ijumaa hizo. Kwa upande wa kusikiliza kwa usajili, kuanzia 2024 Spotify hailipi mrabaha kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita. Kwa bendi inayojaza chumba cha watu 60, huo ni mlima. Sikiliza huko ukitaka kuzijua nyimbo, lakini usidhani umeshawalipa.

Baada ya wimbo wa mwisho

Waache wafungue vyombo kwanza. Bendi ya kwanza na ya pili wana dakika chache za kuondoa kila kitu jukwaani, na anayekuja kumshika mpiga gitaa mkono wakati huo anamchelewesha yeye na wenzake wote. Subiri awe mezani au nje.

Ukimfikia, taja kitu kimoja ulichokisikia. "Ule wimbo wa nne, pale besi iliponyamaza" una thamani kuliko hongera kumi, kwa sababu anajua ulikuwepo kweli. Uliza jina lake na namna linavyoandikwa. Uliza anasikiliza bendi gani nyingine za hapo karibu: kwa swali hilo moja nimepata zaidi ya nusu ya majina yaliyomo kwenye madaftari yangu. Kisha muache, hasa kama kuna mtu nyuma yako ameshika fulana na fedha mkononi.

Msalimie na fundi mitambo. Anasikiliza bendi nyingi kwa wiki kuliko wewe kwa mwaka, na kwa kawaida hakuna anayemuuliza ameonaje. Mimi nina fundi mmoja ambaye tumezungumza miaka tisa sasa. Hanipi sifa za bure. Akisema "hawa rudi uwaone", narudi.

Ukifika nyumbani andika usiku uleule. Kesho yake utakumbuka kwamba ilikuwa nzuri, na utakuwa umesahau kwa nini. Ninaandika nani alikuwepo, nyimbo nilizozitambua kwa mpangilio wake, kitu kimoja nilichokipenda na kimoja kilichonisumbua. Ninaandika pia waliokuwepo ukumbini walikuwa wangapi. Nambari hiyo inanifurahisha sana ninapoipitia baadaye: 11, kisha 19, kisha 45, kisha mlango umefungwa na mimi niko nje.

Bendi ikivunjika

Itavunjika. Ukisikia kuna shoo ya kuagana, nenda hata kama umechoka, na usiende kuomboleza. Wao wenyewe siku hiyo hupiga kama watu waliotua mzigo. Nunua kilichobaki mezani, kwa sababu baada ya hapo kinakaa chini ya kitanda cha mtu. Muulize kila mmoja anafanya nini baadaye. Wengi watasema "sijui, nitapumzika". Andika hivyo, na baada ya miezi minne anza kuyatafuta majina yao kwenye sehemu ya chini ya mabango.

Ndivyo nilivyompata tena dada wa ngoma mara ya pili, mara ya tatu na ya nne. Mara moja alikuwa kimya karibu miaka miwili, nikajua ameacha. Kisha nikaona jina lake kwenye kipeperushi, la mwisho kabisa, maandishi madogo kuliko ya anwani.

Mwezi uliopita nilikuwa mbele ya bendi yake ya tano. Wako wanne, wana nyimbo sita, na mmoja kati ya hizo hauna jina bado. Walitutangazia hivyohivyo, "huu hauna jina". Bado anachelewesha pigo la pili. Tulikuwa 23. Daftarini nina jina la mwimbaji, la mpiga kinanda, na lake. La mpiga besi sikulipata, alikuwa ameshaondoka na spika begani kabla sijamfikia. Wanapiga tena Alhamisi, ni wa kwanza kupanda. Nitamuuliza.